Nina milioni nne na laki mbili za kuanzia kazi: ninunue mashine gani?

BARUA

Shikamoo mama,

Nina miaka 34, naishi Morogoro. Nimefanya kazi miaka saba kwenye ofisi moja ya uchapaji, nikidizaini kadi, vyeti na mabango. Mwaka jana ofisi ilipunguza watu, nami nikawamo. Nimelipwa stahiki zangu, na baada ya kutoa ada ya mtoto na kodi ya nyumba nimebaki na shilingi 4,200,000. Sina mkopo wa mtu, namshukuru Mungu.

Miezi mitatu sasa najitegemea. Rafiki yangu ana steshenari. Akifunga saa mbili usiku ananiachia funguo, natumia kompyuta yake mpaka saa sita. Wateja wanakuja, lakini siwezi kuendelea kuishi kwa funguo za mtu. Nimeshasafisha chumba cha mbele nyumbani. Kina soketi mbili na dirisha linalotazama barabara.

Shida yangu ni ushauri kunizidi. Shemeji yangu, mume wa dada, anasema kama nataka kazi ya kudumu ninunue MacBook mpya, ile laptopu ya Apple. Amesema nikikubali ataniongezea milioni moja. Rafiki yangu wa steshenari anasema ninunue kompyuta ya mezani na printa kubwa ya A3, kwa sababu wateja wakiona printa ndogo wanaona huna ofisi. Kijana mmoja fundi ana laptopu ya i7 anayoiuza kwa laki tano na nusu. Anasema ni kali sana, na kwa 30,000 ataniwekea CorelDRAW, Photoshop na kila kitu, kama walivyofanya watu wote hapa mjini. Na yupo dada mmoja anayeuza mfumo wa kuendeshea biashara kwa 45,000 kwa mwezi: unatoa ankara, unaweka wateja, unaona faida.

Mimi ni mtu mmoja. Nikikosea hakuna bosi wa kuninunulia nyingine. Umeme wa huku kwetu nao unakatika bila taarifa. Naomba unisaidie: ninunue nini, nianze na kipi, na je, hizo programu za kuwekewa na fundi zina ubaya gani kama kila mtu anazitumia? Na shemeji nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Nimejaribu kuandika kazi zangu kwenye daftari tangu nianze. Zimefika 31. Za kutuma kwenye simu tu ni 17, za kuprinti chache chache ni 9, nyingi zikiwa ratiba za mazishi, na 5 zilikuwa kubwa nikazipeleka kiwandani. Sijui kama hilo linasaidia.

Mwanao, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu.

Linasaidia kuliko yote uliyoandika. Hao wanne wanaokushauri wamekueleza habari za mashine, lakini hakuna aliyekuuliza unafanya kazi gani. Wewe umehesabu. Kazi 17 kati ya 31 hazikugusa karatasi kabisa: kadi ya mchango, kadi ya sendofu, mwaliko wa kicheni pati, vyote vinaishia kwenye kikundi cha WhatsApp cha kamati. Kazi 5 kubwa ulizipeleka kiwandani, na uendelee kuzipeleka. Mtu anayetaka kadi 400 za karatasi ngumu zenye maandishi ya dhahabu hawezi kuhudumiwa na mtu mwenye printa chumbani, hata iwe ya A3. Kiwanda kitakufanyia kwa bei ya jumla, nawe utapata chako kwenye dizaini na usimamizi.

Zinabaki zile 9, na hizo ndizo zinazoamua printa. Nimeendesha steshenari Dodoma kwa miaka mingi, naijua ratiba ya mazishi. Mtu anakuja saa moja jioni macho mekundu, ana picha ya marehemu kwenye simu, anataka nakala 60 asubuhi kabla ya ibada. Kiwanda kimefungwa. Ni A4 iliyokunjwa katikati, picha mbele, wasifu ndani, nyimbo nyuma. Kazi hiyo haihitaji A3. Inahitaji printa ndogo ya rangi inayowaka usiku ule na isiyokufilisi kwa wino.

Kwa hiyo printa ya A3 iache. Nunua ya A4 yenye matangi ya wino wa kumimina, ile ya chupa. Mfano ni Epson L3250, ambayo mafundi wengi wanaijua na wino wake hausumbui kupatikana. Chupa yake ya wino mweusi ni mililita 65, na kiwanda kinasema inatoa kurasa 4,500. Lakini usipange bei kwa namba hiyo. Ni ya kurasa zenye maandishi machache. Picha ya marehemu iliyojaa ukurasa inakula wino mara nyingi zaidi. Printi ratiba kumi, tazama matangi yameshuka kiasi gani, ndipo upange bei yako.

Utasikia watu wakisifu printa ya leza, na kwa maandishi meusi matupu inastahili sifa. Ila leza inapasha karatasi joto ili unga wa wino ushike, na inapopasha inavuta umeme mwingi kwa ghafla. UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, haiibebi, na watengenezaji wenyewe hawashauri kuichomeka humo. Printa ya wino inatumia umeme kidogo mno, hata UPS ndogo inaimudu. Kwa mtu ambaye umeme unamkatikia nakala ya arobaini kati ya sitini, hilo ni jambo kubwa. Upungufu wake ni miwili. Wino wake ukiguswa na maji unachuruzika, basi ratiba za msimu wa mvua zikinge na maji kabla hazijatoka mlangoni. Na ikikaa bila kazi vichwa vya kutolea wino vinakauka, kwa hiyo printi ukurasa mmoja wa rangi kila wiki hata kama huna mteja.

Kabla hujalipa, nenda dukani na karatasi zako mwenyewe. Beba ya kawaida, na ile ngumu unayotumia kwa vyeti. Mwombe muuzaji aipitishe ile ngumu mbele yako, mara tatu. Sikiliza. Ikiingia upande, ikitoa mlio wa kukwaruza, au ukiona mstari wa wino umepaka ukingoni, hiyo karatasi na hiyo printa hazipatani, na hakuna mipangilio itakayozipatanisha. Wauzaji wengine watakunja uso. Vumilia, fedha ni yako.

Sasa mashine. Nenda na laptopu, wala si ya mezani, kwa sababu moja tu: betri. Umeme ukikatika kazi haipotei na wewe huhitaji UPS ya kompyuta. Ukitaka kioo kikubwa, nunua skrini ya mtumba ya inchi 22 au 24 uiunganishe ukiwa nyumbani. Unapoichagua simama ubavuni mwake uitazame. Rangi zikigeuka unaposogea, iache, kwa kazi yako itakudanganya.

Laptopu ya mtumba ya maofisini inakutosha: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad. Zimejengwa kuvumilia, na vipuri vyake vipo mpaka kwenye vibanda. Lakini hapo ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe, kwa hiyo nisikilize vizuri. Neno i7, yaani daraja la prosesa ya Intel, peke yake halina maana. Angalia namba inayofuata baada ya kistari. i5-8250U ni kizazi cha nane. I7-4600U ni kizazi cha nne, yaani mashine ya tangu 2013. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai, kwa kawaida, kizazi cha nane kwenda juu. i7 ya kizazi cha nne fundi anaweza kuilazimisha ikubali Windows 11, lakini Microsoft hawaitambui na hakuna anayekuhakikishia kesho yake. Mwulize kijana wako namba kamili. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Ukiipata ya kizazi cha nane au zaidi, iwe na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 na nafasi ya kuongeza hadi 16, na diski ya SSD, ile ya kasi. Kisha fanya mambo mawili palepale kaunta. La kwanza, izime, iwashe, na ikiwa inaanza bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo, uingie kwenye mipangilio yake ya ndani. Ikikuomba nywila, mrudishie mwenyewe. Huenda ni mashine ya kampuni iliyotoka bila kufunguliwa, na siku moja inaweza kukufungia ukiwa na kazi ya mtu ndani. La pili, fungua ule ukurasa mweusi wa amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti yenye mistari miwili unayoitaka: betri ilibeba kiasi gani ilipotoka kiwandani, na inabeba kiasi gani leo. Kama ya leo haifiki nusu ya ile ya kiwandani, toa bei ya betri mpya kwenye bei ya laptopu, au ondoka. Dakika tano tu. Nimeona watu wakinunua mashine ya laki nane kwa muda mfupi kuliko wanaotumia kuchagua kitenge.

MacBook ni mashine nzuri, sitaki kuisema vibaya. Ila itakula sehemu kubwa ya fedha yako, RAM na diski yake huongezi baadaye, na siku ikipata hitilafu utaanza kutafuta fundi wake mpaka Dar es Salaam huku msiba wa mtu unasubiri.

Tuje kwa programu za fundi. Hapa naomba nikueleze lililonipata. Mwaka 2019 nilimwita fundi aniwekee programu ya kudizaini, ile ya kuvunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Aliniambia nizime kinga ya virusi kwanza, eti inasumbua. Nikazima. Siku ya tatu asubuhi nilifungua folda ya kadi, majina yote yalikuwa yameongezewa herufi nne ambazo sijawahi kuziona, na hakuna faili lililofunguka. Katika kila folda kulikuwa na karatasi moja iitwayo _readme.txt. Walitaka dola 980, na nikilipa ndani ya saa 72 wangenipunguzia hadi 490. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Miaka sita ya kazi: kadi, vyeti vya shule, picha za watu ambao wengine wameshafariki na ndugu zao walikuwa wananitegemea mimi kuwa na nakala. Sikulipa, na sikupata hata moja. Baadaye nikajua kwamba virusi wa ukoo ule, wanaoitwa STOP au Djvu, husambaa hasa kupitia programu za kuvunjwa kufuli. Njia ni ileile niliyoifungua mwenyewe kwa mkono wangu.

Kwa hiyo unapouliza zina ubaya gani kama kila mtu anazitumia, jibu langu ni kwamba wewe ni mtu mmoja, na kila mteja wako yuko ndani ya mashine moja. Na pia ni kazi ya mtu unayoichukua bila kumlipa, jambo ambalo wewe mdizaini unalijua uchungu wake kuliko wengine, pale kamati inapochukua sampuli yako ikaipeleka kwa mwingine.

Zamani ningekuambia uvumilie programu za bure zenye mapungufu. Leo hali imebadilika. Mwishoni mwa Oktoba 2025 kampuni ya Canva ilitoa toleo jipya la Affinity bila malipo, kwa Windows na Mac. Ni programu kamili ya kudizaini: unachora, unarekebisha picha, unapanga kurasa, na inatoa PDF yenye rangi za CMYK, zile za wino wa kuchapia, ambazo kiwanda kinazihitaji. Canva yenyewe ya bure itumie kwa zile kazi 17 za simu, ila isiwe ya kazi za kiwandani, maana kutoa CMYK humo ni kwa wanaolipia. Usipozingatia hilo, ile kijani ya kung'aa aliyoipenda bibi harusi kwenye simu itatoka kiwandani imefifia kama jani la juzi, na lawama ni zako. Kwa barua, wasifu na hesabu weka LibreOffice, nayo ni bure.

Najua mkono wako umezoea CorelDRAW kwa miaka saba, na wiki mbili za kwanza utaona kama unaandika kwa mkono wa kushoto. Kubali hizo wiki mbili. Na kabla hujarudisha funguo za rafiki yako, chukua kazi zako zote za miezi hii mitatu uzitoe kuwa PDF, kwa sababu Affinity haifungui mafaili ya CorelDRAW lakini PDF inaifungua na unaweza kuihariri. Kazi zako, nimesema. Zile za ofisi ya zamani ziache huko.

Mfumo wa 45,000 sahau kwa sasa. Una kazi kama kumi kwa mwezi. Maana yake unalipa 4,500 kwa kila kazi ili kuandika mstari mmoja ambao daftari lako linauandika bure. Kwa mwaka ni 540,000, karibu printa. Tengeneza jedwali kwenye LibreOffice: tarehe, mteja, kazi, bei, alicholipa, anachodaiwa, na ulichotumia. Safu ya anachodaiwa ipake rangi nyekundu, ndiyo utakayoiangalia kila Jumamosi. Kama shida ni risiti, hilo halimhusu huyo dada. Nenda ofisi ya TRA na TIN yako uulize kwa kiwango chako unatakiwa nini. Zipo mashine za EFD za kutolea risiti, na ipo VFD, yaani ya kidijitali, inayofanya kazi kwa simu au kompyuta. Uliza kabla ya kununua chochote kinachoitwa mfumo.

Simu uliyonayo inatosha. Nunua laini nyingine, iwe ya biashara peke yake, uiwekee WhatsApp Business, nayo hulipii. Ina katalogi ya kuweka sampuli na bei, na lebo za kupanga wateja: anasubiri dizaini, anahakiki, amelipa. Weka uthibitisho wa hatua mbili siku hiyo hiyo, kwa sababu matapeli wakiiteka namba hiyo wataomba michango kwa jina lako kwenye kamati zote ulizowahi kuhudumia. Omba na Lipa Namba, ili fedha ya kadi isichanganyike na ya vitunguu. Na usiprinti chochote mpaka mteja aandike kwa mkono wake mwenyewe "nimehakiki majina". Neno la mdomo halitoshi. Nilishawahi kukosea herufi moja kwenye jina la baba wa bwana harusi, nikarudia kadi 250 kwa fedha yangu.

Nunua diski mbili za nje za kuhifadhia. Moja ikae kwako, nyingine kwa dada yako, na kila Ijumaa mzibadilishane. Ile ya kwako ichomeke wakati wa kunakili tu kisha uichomoe, kwa sababu virusi niliokusimulia walikula na diski yangu ya nje iliyokuwa imechomekwa. Kazi zinazoendelea zipandishe Google Drive, wanatoa GB 15 za bure. Na mara moja kwa mwezi jaribu kufungua faili moja kutoka kwenye diski ya kwa dada.

Kwa fedha, nakuwekea mipaka usivuke. Laptopu 900,000. Skrini 200,000. Printa 700,000. Mashine ya kukatia karatasi 150,000, na usiibane hiyo, kwa sababu kadi iliyokatwa kwa mkasi inajulikana kutoka mlangoni. Diski mbili 250,000. Kinga ya umeme 50,000, maana umeme ukirudi hurudi kwa kishindo. Karatasi na wino wa akiba 300,000. Hapo ni 2,550,000. Inabaki 1,650,000, na hiyo haiguswi kwa mashine: ni chakula na kodi ya miezi ambayo harusi zinapungua, Ramadhani na Kwaresima unazijua.

Kuhusu utaratibu, anza na laptopu na diski wiki hii. Tumia wiki mbili kuizoea Affinity ukiwa bado unaprinti kwa rafiki yako. Printa na ya kukatia zifuate baada ya hapo, skrini ije mwisho.

Shemeji yako mfuate nyumbani, usimwambie kwa simu. Beba daftari. Mfungulie ukurasa wa zile kazi 31 umwonyeshe 17, 9 na 5, kisha mwambie hivi: "Shemeji, nakushukuru umenifikiria. Nimeanza na mashine ndogo kulingana na kazi hizi. Nikifikisha kazi 30 kwa mwezi nitakuja tena na daftari hili, tuzungumze habari ya kubwa." Akitaka kutoa hata laki moja siku hiyo, pokea kwa mikono miwili, ununue rimu za karatasi, na umpelekee kalenda ya kwanza itakayotoka kwenye printa yako.